Funzo la Ifakara kwa Madago Yetu



Msimu wa kuchuma ukikaribia, kila mwenye shamba hushughulika na majamvi, magunia na ujira wa wachumaji. Ni wachache wanaouliza wachumaji hao watakunywa maji gani madagoni. Kwa hiyo nimeona vema kuwaletea habari ya Ifakara, mji wa bonde la Kilombero, nchi ya mpunga na mito.

Mwaka 1997 kipindupindu kiliingia huko. Wataalamu waliwachukua wagonjwa 180 wa mwanzo, wakawalinganisha na watu 360 wasiougua. Mambo matatu yalidhihirika: waliokuwa hatarini zaidi ni waliooga mtoni, waliokaa mbali na maji, na waliokula samaki wakavu. Vijidudu vya maradhi vilipatikana katika chanzo kikuu cha maji ya mji, navyo vilikuwa ni vile vile vilivyotoka kwa wagonjwa.

Vijidudu hivyo hufanya kazi gani tumboni? Utumbo una utando wa ndani, nao umefunikwa kwa ute unaoulinda. Kijidudu cha kipindupindu hupenya ute huo, hushika utando, kisha hutoa sumu. Sumu hiyo haiutoboi utumbo, bali huufanya umwage maji na chumvi ya mwili kwa wingi, hata mtu mzima aweza kufa kwa muda wa saa chache. Lakini kwa rehema ya Mungu, mlango mmoja wa utando hubaki wazi, nao ni ule ambao sukari na chumvi huingia pamoja, na maji hufuata nyuma yake. Ndiyo maana maji ya sukari na chumvi huokoa watu.

Sukari yenyewe ina aina nyingi. Ziko zilizoungana kama shanga katika uzi, ziitwazo polisakaridi. Wanga wa mchele ni mmoja wao, na karagini itokayo katika mwani unaolimwa Zanzibar ni nyingine. Wanga wa kawaida humeng'enywa polepole ukatoa sukari. Uko pia wanga mgumu usiomeng'enywa, ambao hufika utumbo mpana, na huko vijidudu vyema huula wakatoa asidi zinazolisha utando na kuusaidia kurudisha chumvi na maji mwilini. Huko Vellore, India, wagonjwa wa kipindupindu waliotiliwa wanga huo katika dawa yao ya maji waliharisha kidogo zaidi na wakapona mapema. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2000.

Ama polisakaridi za mwani, baadhi yake zimeonekana kuzuia vijidudu vibaya visishike utando. Lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanywa katika maabara na kwa wanyama. Basi asije mtu akauziwa unga wa mwani kuwa ni dawa ya kipindupindu, akaacha kumpeleka mgonjwa hospitali.

Kwa hiyo kila mwenye dago na ahakikishe haya:

1. Maji ya kunywa yachemshwe, yawekwe katika chombo chenye kifuniko na kata yake.
2. Choo kichimbwe mbali na kisima na mto, na sabuni iwe karibu.
3. Chakula kiliwe kikiwa moto, na samaki mkavu apikwe vizuri.
4. Pakiti za ORS ziwepo dagoni. Zikikosekana, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, katika lita 1 ya maji safi. Usizidishe chumvi.
5. Mwenye kuhara maji maji apewe kinywaji hicho tangu mwanzo, hata njiani, naye apelekwe kituo cha afya upesi.

Gharama ya kuni, sabuni, sukari na chumvi ni ndogo sana mbele ya roho ya mchumaji mmoja. Katika mkutano ujao kila tawi litaulizwa madago yake yanapata maji wapi. Tafadhali njooni na majibu.

Katibu wa Chama