Kibla Kuwa Dira

Mtu aendaye Maneromango, wilayani Kisarawe, kwa kuitegemea ramani ya simu, huongozwa na khabari zitokazo kwenye setilaiti zilizo juu yetu kwa masafa ya kilomita 20,200 hivi, na mawimbi yao yafikapo ardhini huwa yamefifia hata mtambo mdogo wa kuyavuruga, au tufani ya jua kama ile ya Mei 2024 iliyowapotezea dira wakulima wa Marekani juu ya matrekta yao, hutosha kuyaharibu.

Lakini Uzaramo, nchi ya Wazaramo ilimo Maneromango, una dira isiyotumia umeme. Maneromango na Makka zakaribia kuwa katika mstari mmoja wa longitudo, hii ikiwa kusini mwa ikweta kwa nyuzi 7 na ile kaskazini kwa nyuzi 21, kwa hiyo kibla ya huku ni kaskazini, kwa tofauti ya nyuzi mbili hivi, ambayo haimdhuru mwenda kwa miguu. Basi aliyepotea na auzunguke msikiti wowote, hata uwe wa udongo, na ukuta uliotokeza kwa nje kijumba cha mihrabu, pale asimamapo imamu, ndio wa kaskazini. Makaburi ya Waislamu nayo hutoa ushahidi huohuo: maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia akielekezwa kibla, na kichwa chake huwa mashariki. (Makanisa hayafungwi na kanuni hii, yasitumiwe.)

Jua la adhuhuri lina hila, kwani tangu mwanzo wa Machi hata takriban tarehe 10 Oktoba hupita kaskazini mwetu, kisha huhamia kusini, na katika siku za kuhama huwa la utosi, lisiache kivuli. Afadhali kuchomeka kijiti, kutia kijiwe penye ncha ya kivuli, kungoja robo saa na kutia cha pili: kutoka cha kwanza kwenda cha pili ni mashariki. Usiku, nyota ya Jaa iliyowaongoza manahodha wa Arabuni haionekani huku. Badala yake Msalaba wa Kusini, urefu wake ukirefushwa mara nne na nusu kutoka mguuni, huonyesha kusini, karibu mno na upeo wa macho.

Ama kujua ulipo, hapana budi kuuliza. Baada ya shikamoo, msafiri asiseme, "Maneromango ni huku?", kwani mwenyeji kwa adabu aweza kuitikia tu, na aseme, "Njia ya Maneromango ni ipi?"