Ndege Hurukaje? Sehemu ya Pili: Hewa Nyepesi ya Singida

Juma lililopita tuliiacha ndege mwanzoni mwa njia ya kurukia, injini zinanguruma na breki zimekazwa. Leo tuziachie breki. Ila naomba ndege hiyo tuihamishie Singida, kwa sababu huku kwenye uwanda wa juu elimu ya kuruka hujidhihirisha kuliko pwani.

Kwanza tuondoe maelezo potofu ambayo bado yamo katika vitabu vingi vya shule. Husemwa kwamba bawa lina mgongo, hivyo hewa ya juu ina njia ndefu, nayo hukimbia ili iwahi kukutana na ile ya chini kwenye ukingo wa nyuma. Hakuna kanuni yoyote ya maumbile inayozitaka hewa hizo zikutane. Vipimo vya maabara vinaonyesha kuwa ya juu hutangulia kufika, wala haimngoji mtu. Tena zipo ndege za maonyesho zinazoruka tumbo likiwa juu na mgongo chini. Kwa maelezo yale zingepaswa kuvutwa ardhini.

Bawa huinuliwa kidogo upande wa mbele, nalo likipita huielekeza hewa chini. Hewa iliyo juu yake nayo huufuata mgongo wa bawa na kuteremka. Isaac Newton alikwisha kuandika mwaka 1687 kwamba ukisukuma kitu, nacho hukusukuma kwa nguvu ileile: hewa ikienda chini, bawa huenda juu. Mwaka 1738 Daniel Bernoulli akaeleza kuwa palipo na mwendo mkubwa zaidi wa kimiminika, mgandamizo hupungua. Watu hubishana nani kati yao ndiye anayeirusha ndege. Ubishi huo ni bure, kwani wote wawili wanapima jambo moja kutoka pande mbili.

Tuchukue Bombardier Q400, ndege za pangaboi ambazo Air Tanzania ilianza kuzipokea mwaka 2016. Ikijaa hufikia tani 29 hivi, na mabawa yake yana eneo la karibu mita za mraba 63. Kila mita ya mraba basi inabeba kilo 460. Ni mzigo, lakini hewa ya Singida hukandamiza kila mita ya mraba ya kitu chochote kwa uzito wa tani 8 na nusu hivi. Inatosha mgandamizo wa juu ya bawa upungue kuliko wa chini kwa takriban asilimia 5 tu, na tani zote 29 zinaondoka ardhini.

Sasa tuje kwenye tatizo letu. Mji wa Singida uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Joto likiwa nyuzi 30, mita moja ya ujazo ya hewa ya Dar es Salaam ina gramu zipatazo 1,165. Ya Singida ina 970. Bawa lina hewa kidogo zaidi ya kusukuma. Rubani hawezi kuliinua bawa kupita kiasi, maana pembe ikizidi nyuzi 15 au zaidi kidogo hewa huachana na mgongo wake na nguvu ya kuinua huanguka ghafla. Linalobaki ni kuongeza mwendo, kama asilimia 10. Cha kustaajabisha, saa ya mwendo iliyo mbele ya rubani haitaonyesha nyongeza hiyo: yenyewe hupima msukumo wa hewa, kwa hiyo husoma namba ileile ya Dar es Salaam huku magurudumu yakikimbia zaidi.

Asilimia 10 ya mwendo hudai asilimia 20 ya njia, kwa sababu umbali hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Na hapo injini hazijahesabiwa, nazo huvuta hewa hiyohiyo nyepesi. Ndiyo maana njia ya Jomo Kenyatta, Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600, ina urefu wa zaidi ya kilomita 4, ilhali kule Julius Nyerere, Dar es Salaam, zinatosha 3. Addis Ababa, kwenye mita 2,300 na ushei, ndege za masafa marefu kwenda Marekani zimekuwa zikiondoka na mafuta pungufu na kutua njiani kuongeza.

Lakini Singida ina upepo, ule ambao kwa miaka mingi umewavuta wataalamu wa umeme. Bawa halijali mwendo wa magurudumu. Linajali mwendo wa hewa inayolipitia. Tuseme ndege inahitaji kilomita 220 kwa saa pwani, kukiwa shwari. Singida itataka 242. Upepo wa kilomita 30 ukiipiga usoni, magurudumu yatahitaji 212 tu, chini ya yale ya pwani! Heroe wa ziwa Singidani, ambao wengi huwaita flamingo, hufanya vivyo hivyo: hukimbia juu ya maji wakiukabili upepo mpaka mabawa yashike.

Kwa hiyo mhandisi anayechora uwanja katika mkoa huu hana budi kusoma kumbukumbu za upepo za miaka kadhaa kabla ya kuamua njia ielekee wapi. Akikosea, upepo utaipiga ndege ubavuni, na faida yote niliyoitaja itapotea. Upepo huo wa ubavuni ndio utakaotushughulisha juma lijalo, tutakapoishusha ndege.