Mashine ya Kufyonza Majimaji: Ichaguliwe Kulingana na Mahali, Ikaguliwe Kila Siku

Mgonjwa aliyepoteza fahamu hawezi kumeza wala kukohoa ipasavyo. Damu, matapishi au makohozi yakijikusanya kooni, hewa haifiki mapafuni, na ubongo uliokosa oksijeni huanza kudhurika ndani ya dakika chache. Kwa sababu hiyo, mashine ya kufyonza majimaji hutakiwa kuwa tayari wakati wote katika chumba cha kujifungulia, chumba cha upasuaji na gari la wagonjwa.

Kigezo cha kwanza cha uchaguzi ni mahali pa matumizi. Hospitali kubwa huweza kutumia mfumo uliofungwa ukutani. Gari la wagonjwa huhitaji mashine nyepesi yenye betri. Zahanati isiyo na umeme wa uhakika huhitaji ile inayoendeshwa kwa mkono au mguu. Hata penye umeme, mashine ya mkono iwepo kama akiba, kwani umeme unapokatika mgonjwa hawezi kusubiri.

Kigezo cha pili ni usafi. Kifaa cha mpira kinachobonyezwa kwa vidole, ambacho hutumika kwa watoto wachanga, kikiwa hakifunguki hubakiza uchafu ndani. Kinachofaa ni kile kinachofunguliwa, kuoshwa na kutakaswa, au kinachotumika mara moja na kutupwa.

Nguvu ya mvuto nayo ina mipaka. Kwa kawaida haizidi milimita 150 za zebaki kwa mtu mzima, na 100 kwa mtoto mchanga. Mhudumu huingiza mrija bila kufyonza, kisha hufyonza anapoutoa, kwa muda usiozidi sekunde 15; kwa mtoto muda huwa mfupi zaidi. Kupita kiasi hujeruhi koo, hupunguza oksijeni na huweza kufanya mapigo ya moyo yashuke.

Wazazi nao wafahamu kwamba si kila mtoto mchanga anahitaji kufyonzwa. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kuwa mtoto aliyezaliwa katika maji safi ya uzazi na kuanza kupumua mwenyewe asifyonzwe mdomo wala pua.

Ukaguzi wa kila siku ni mwepesi: mhudumu huwasha mashine, huziba ncha ya mrija kwa kidole na kuangalia kama mshale wa kipimo unapanda. Aidha, huhakikisha kuwa chupa ya kukusanyia ni tupu, betri imejaa na mirija ya saizi zote ipo. Mashine isiyo na mrija haimsaidii mgonjwa.

Kwa mwananchi aliye mbali na kituo cha afya, hatua ya kwanza ni kumlaza kwa ubavu mgonjwa aliyezimia lakini anapumua, ili matapishi yatoke yenyewe, na kumwahisha hospitali. Asiingize kidole kooni kwa kubahatisha, kwani anaweza kusukuma uchafu ndani zaidi.