Mteja Akilalamika, Fungua Daftari Kabla Hujamlaumu Mtu

Leo tuongelee ubora. Mimi nauza korosho zilizobanguliwa hapa Tandahimba. Wateja wangu wengi wako Dar na Dodoma, wananijua kwa simu tu. Hawashiki mzigo wala kuonja. Wakipokea kitu tofauti na picha, hawarudi tena.

1. Andika kipimo. Ubora ni kumpa mteja kile mlichokubaliana. Huku kwetu mkulima akipeleka korosho ghafi chama cha msingi, zinapangwa daraja la kwanza na la pili. Za kubanguliwa nazo zina alama zake sokoni: W320 ni nyeupe, nzima, na paundi moja (kama gramu 454) inaingia korosho 300 hadi 320. W240 ni kubwa zaidi, 220 hadi 240. Unyevu usizidi asilimia 5. Hata kama unauza vitenge au sabuni, andika ukubwa, uzito, rangi. "Nzuri sana" sio kipimo.

2. Zuia, halafu kagua. Kukagua ni kuchambua mbovu kabla ya kufunga. Kuzuia ni kukausha vizuri na kuziacha zipoe ndio zifungwe. Fanya vyote, ila kuzuia ndio nafuu, maana mzigo ukishapanda basi, kuurudisha ni gharama juu ya gharama.

3. Hesabu malalamiko. Chora safu kwenye daftari, kila lalamiko weka kijiti. Tuseme mwezi huu una 20: kulainika 12, vipande vingi 4, kuchelewa 3, uzito pungufu 1. Anza na hizo 12. Joseph Juran, mtaalamu wa ubora wa Marekani, aliiita kanuni hii kwa jina la Pareto wa Italia: sababu chache ndizo zinazoleta matatizo mengi.

4. Tafuta chanzo. Kaoru Ishikawa wa Japani alitumia mchoro wa mfupa wa samaki. Kichwani andika tatizo: "zimelainika". Kwenye miiba andika watu, vifaa, malighafi, njia ya kazi. Kisha jiulize: zilifungwa zikiwa na moto? Mfuko ni mwepesi? Mashine ya kufungia inashika vizuri?

Hapa ndipo wengi wanaumizana. Bila kutafuta chanzo, unamkata hela mama anayekubangulia, kumbe tatizo ni mfuko. Yeye anakosa hela ya kula, wewe unapoteza mkono mzuri, na korosho zinaendelea kulainika.

5. Badili kitu kimoja. Ukibadili mfuko, usibadili na mbanguaji wiki hiyo hiyo, hutajua kipi kimesaidia. Ipe wiki mbili, hesabu tena vijiti. Vikipungua, huo ndio utaratibu wako mpya, uandike ukutani. Visipopungua, rudi kwenye samaki, kamata mwiba mwingine.

Gharama yake ni daftari na kalamu tu. Anza na oda ya leo, na umtumie mwenzako naye asome.