Mistari michache chini ya kisanduku

Watengeneza wavuti wakikwama hukimbilia MDN, maktaba kubwa ya maelezo ya HTML, CSS na JavaScript. Humo zimo kurasa kadhaa zinazogombania neno map. Kuna Map, ya kuhifadhi data kwa jozi, kuna Array.prototype.map(), inayopitia orodha na kutoa orodha mpya. Na kuna <map> ya HTML, inayogawa picha katika sehemu za kubofya. Ukiandika herufi hizo tatu kwenye kisanduku cha kutafutia, unataka mojawapo tu, tena upesi.

Hapo ndipo mapendekezo yanayojitokeza chini ya kisanduku hupimwa. Mstari mzuri una jina la ukurasa na, kwa herufi ndogo, mahali ulipo: JavaScript au HTML. Basi. Wabunifu hupenda kuongeza tarehe, picha, hata aya nzima ya utangulizi, na kwenye simu, ambako kibodi imeshameza nusu ya kioo, hubaki nafasi ya mapendekezo mawili. Huo ni ubahili wa kumpa mtu chaguo uliovikwa joho la ukarimu.

DocSearch, huduma ya kampuni ya Algolia ya kutafuta ndani ya nyaraka, iliyoanza 2015 na inayotolewa bure kwa miradi ya programu huria, ilipatia jambo moja: huorodhesha vichwa vidogo vilivyo ndani ya ukurasa, kwa hiyo pendekezo hukupeleka kwenye sehemu unayoitaka.

Ukataji wa majina marefu nao una mitego. Array.prototype.reduce() na Array.prototype.reduceRight() zikikatwa mwishoni hugeuka kitu kimoja. Afadhali likatwe hilo Array.prototype, ambalo hapa halitofautishi chochote.

Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtafiti wa matumizi ya wavuti, alieleza kwamba macho ya wasomaji wa wavuti hushuka zaidi upande wa kushoto. Sasa tazama miongozo yetu ya Kiswahili: Jinsi ya kufuta akaunti, Jinsi ya kubadili nywila, Jinsi ya kulipia. Upande wote wa kushoto ni “Jinsi ya”! Ukiyaondoa, bado kuna ku-. Mteja huandika “futa”, na mfumo unaolinganisha mwanzo wa neno pekee hauioni “kufuta” iliyo mbele yake. Kwa Kiswahili, mfumo lazima utafute hadi katikati ya neno, kisha ukoleze wino pale palipolingana.