Mwalimu wa bunduki na mwalimu wa chaki

Ipo methali tuliyoizoea mno hata tumeacha kuihoji: ajali haina kinga. Hata hivyo, kuna kazi moja ambayo mtu hawezi kuifanya hata siku moja akiwa anaiamini methali hiyo, nayo ni kazi ya kuwafundisha watu kushika bunduki na kulenga shabaha. Nimeona vyema tuizungumzie kwa sababu ni kazi ya ualimu, tena yenye vyeti na mitihani yake, na kwa sababu kule Marekani, inakofanywa kwa wingi, imekwisha kubisha hodi mlangoni pa darasa.

Chama cha Kitaifa cha Bunduki cha Marekani, NRA, hujulikana leo kwa siasa kuliko kwa mafunzo. Lakini kilipoasisiwa mwaka wa 1871 na William Church na George Wingate, shabaha yake ilikuwa shabaha yenyewe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilikuwa vimedhihirisha kwamba askari wengi wa upande wa Kaskazini hawakujua kulenga. Wingate aliandika kitabu cha mafunzo, na miaka mingi baadaye akaongoza jumuiya ya michezo ya shule za New York iliyoundwa mwaka wa 1903. Siasa zilikuja kukiteka chama hicho baadaye sana, hasa kuanzia 1977.

Anayetaka cheti cha ukufunzi cha chama hicho hana budi kwanza kuonyesha kwamba yeye mwenyewe anajua kulenga. Hilo ndilo jepesi. Gumu ni kwamba baada ya hapo hufundishwa kufundisha: kupanga somo, kutumia vielelezo, kuwashughulisha wanafunzi badala ya kuwahutubia, kisha kusimama mbele ya wenzake na kufundisha huku wakimpima. Waama, mlengaji hodari aghalabu hushindwa hapa. Mkono wake umezoea mambo ambayo ulimi wake haujapata kuyataja.

Kanuni anazopaswa kuzipanda katika akili za wanafunzi ni tatu tu. Mtutu uelekezwe daima upande usio na madhara. Kidole kikae mbali na kifyatulio hadi wakati wa kupiga. Na bunduki isitiwe risasi hadi wakati wa kuitumia. Msomaji ataona jinsi zinavyosaidiana. Kidole kikikosea huku mtutu ukitazama pasipo na mtu, hapana anayeumia. Ili mtu afe, sharti zivunjwe kanuni zaidi ya moja kwa wakati mmoja, na ndiyo maana wakufunzi hawa hawapendi hata kulisikia neno ajali. Wao husema uzembe.

Zipo mbinu zao ambazo mwalimu yeyote angezionea wivu. Mwanafunzi mgeni huogopa kishindo, na mkono wake hushtuka kabla risasi haijatoka. Yeye mwenyewe hajui, na ukimwambia atakana. Basi mkufunzi huchanganya risasi za kweli na za bandia zisizo na baruti bila kumwambia ipi inafuata. Anapovuta kifyatulio penye risasi ya bandia, bunduki hailii, ila mtutu unainama waziwazi. Kosa limejieleza lenyewe, pasi na kemeo. Katika muda huo wote mkufunzi amesimama karibu na bega la mwanafunzi, naye hatazami shabaha bali humtazama mtu: kidole, mabega, pumzi. Na yeyote aliye uwanjani, awe mkuu au mgeni wa siku ya kwanza, ana haki ya kupiga kelele ya kusimamisha upigaji akiona hatari. Ni shule ngapi zenye mwanafunzi anayeruhusiwa kulisimamisha somo?

Cheti hakimfanyi mtu malaika. Mwezi wa Oktoba 2008, katika maonyesho ya silaha huko Massachusetts, mtoto wa miaka 8 alipewa bunduki ndogo aina ya Uzi inayopiga mfululizo. Teke lake likaugeuza mtutu kichwani mwake, akafa. Aliyekuwa akimsimamia alikuwa kijana wa miaka 15. Agosti 2014, huko Arizona, mkufunzi mtu mzima alimwachia msichana wa miaka 9 apige risasi moja, kisha akaigeuza Uzi ipige mfululizo. Mtutu ulipanda kuelekea kushoto, aliposimama mwalimu, naye akafariki dunia. Siwezi kumlaumu mtoto yule hata chembe. Kupima uwezo wa mwanafunzi kabla ya kumpa kazi ni sehemu ya ualimu ambayo hapana mwanafunzi awezaye kumfanyia mwalimu wake.

Sasa tutazame darasa. Baada ya watu 17 kuuawa katika shule moja mjini Parkland, Florida, Februari 2018, jimbo hilo lilipitisha sheria ya kuwapa silaha baadhi ya wafanyakazi wa shule baada ya mafunzo ya saa 144, na mwaka wa 2019 likawaongeza walimu wa darasani. Huko Ohio, mahakama kuu ya jimbo iliamua mwaka wa 2021 kwamba mwalimu mwenye silaha alihitaji mafunzo ya saa zaidi ya 700 kama polisi. Mwaka uliofuata wabunge wakabadilisha sheria, mafunzo yanayotakiwa yasizidi saa 24. Kutoka 700 hadi 24! Sijui somo jingine lolote lililopunguzwa hivyo na bado likaitwa somo.

Lakini kinachonitatiza zaidi ya saa ni jambo ambalo kila mkufunzi wa NRA hulijua tangu siku ya kwanza: chumba cha mafunzo hakiingizwi risasi ya kweli. Wataalamu wa bunduki wenyewe, wanapofundisha habari za bunduki, huziacha risasi nje. Sheria hizi zinaziingiza mahali panapofundishwa hesabu na historia.

Machi 2018, mjini Seaside, California, mwalimu ambaye pia alikuwa polisi wa akiba alikuwa akizungumzia usalama wa silaha mbele ya wanafunzi wake. Bastola ikalia, risasi ikapiga dari, na mwanafunzi mmoja akapata jeraha dogo. Mtu huyo hakuwa na upungufu wa mafunzo.

Aprili 2024 Tennessee nayo ilipitisha sheria yake, ya saa 40. Mwalimu anayebeba bastola chini ya sheria hiyo huibeba kwa siri, na mzazi haambiwi ni mwalimu yupi.