Siku Mama Margaret alipofunga sanduku

Juma lililopita mmoja wetu alimpa mkwe wake mashine yake ya kushona. Macho yamechoka, haoni tena tundu la sindano. Alipofika mkutanoni machozi yakamtoka, na wengine wakacheka: mtu hulilia chuma? Sisi walimu wa kikundi tukakumbuka habari ya mama mmoja wa Ulaya.

Jina lake Margaret Huggins. Alizaliwa Dublin, nchi ya Ayalandi, mwaka 1848. Mama yake alikufa yeye akingali mtoto, na babu yake ndiye aliyemfundisha kuzitambua nyota. Mwaka 1875 akaolewa na William Huggins wa London, aliyemzidi miaka 24. Bwana huyo hakuwa profesa. Alikuwa muuza vitambaa. Aliacha duka akajenga nyumbani kwake, Tulse Hill, chumba cha kutazamia nyota. Humo mlikuwa na darubini mbili kubwa, moja ya kioo cha sentimita 38, nyingine ya sentimita 46. Kwa kweli zilikuwa mali ya chama cha wataalamu, Royal Society, nao waliazimwa tu. Lakini chombo ukikaa nacho karibu miaka 40, ukikipangusa na kukesha nacho kwenye baridi, nani atakuambia si chako?

Kazi yao ilikuwa kupasua mwanga wa nyota uwe rangi rangi kama upinde wa mvua. Kwa mistari inayoonekana katika rangi hizo, mtu anajua nyota ina vitu gani ndani yake. Margaret alikuwa fundi wa picha, na daftari la kazi likajaa mwandiko wake. Hata hivyo kwa miaka mingi maandishi yalitoka kwa jina la bwana peke yake. Ni mwaka 1889 ndipo jina la Bibi Huggins lilipowekwa kando ya lile la William, katika maandishi juu ya wingu la mwanga lililo katika nyota za Orion. (Nasi tunawajua wamama ambao daftari la duka ni mwandiko wao, na jina mlangoni ni la baba.) Mwaka 1903 wataalamu wa nyota walimpa uanachama wa heshima, maana uanachama wa kawaida wanawake walifunguliwa mwaka 1916 tu.

Mwaka 1908 mzee alikuwa amepita miaka 80, nguvu zimekwisha. Ikaamuliwa darubini ziende Cambridge. Siku ya kuzifungua, vipande vililala chini kila upande, na mzee amekaa kati yake, amejifunika koti kubwa. Kile kioo kikubwa kilikuwa tayari ndani ya sanduku lake. Margaret akamshika bwana yake mkono, akamwongoza mpaka pale, wakakitazama mara ya mwisho. Kisha kifuniko kikafungwa polepole.

William alikufa mwaka 1910, Margaret mwaka 1915. Vitu vyake vingi alivirithisha Wellesley, chuo cha wasichana huko Marekani.

Tulipomsomea habari hii yule mama wa mashine, aliuliza neno moja tu: “Na hao wa Cambridge, walijua kukipangusa vizuri?”